Miti Iliyokauka Ikazidi Kunenepa

Mimi si msemaji. Mwalimu wetu wa darasa huandika kila muhula kwamba mimi ni mtulivu, neno ambalo nadhani humfaa msichana ambaye mwalimu hajawahi kuisikia sauti yake. Wageni wakija nyumbani nawaamkia nikiitazama miguu yao, kisha natokomea jikoni. Haya nayaandika kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Lakini kukaa kimya kuna faida yake. Watu wakubwa wakishazoea kwamba husemi, wanaanza kukuona kama kiti, na mbele ya kiti mtu husema lolote. Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua jinsi msitu wa Kakamega unavyolindwa kwa karatasi. Tangu siku hizo, Bwana Misitu, mkuu wa kituo chetu, akinipita uwanjani na kuniuliza masomo yanaendaje, namjibu vizuri tu, lakini simwamini.

Baba ni askari wa msitu. Tunaishi hapa kituoni, ukingoni mwa msitu, katika nyumba ya serikali: vyumba viwili, paa la mabati, jiko la nje. Nyumba hiyo ilikuja na kazi, na kazi ikiisha inakwenda nayo siku ile ile. Shamba la babu lilikwisha kugawanywa kati ya baba zangu wadogo na wakubwa mpaka baba akasema afadhali yeye asidai kitu, asije akapewa mfereji. Kwa hiyo kwetu neno "kufutwa" halikuwa neno la kuchezea. Mama alikuwa akilitaja kwa sauti ya chini, kama ugonjwa.

Sasa habari ya miti. Zamani za mkoloni, kulikuwa na Mzungu mmoja hapa kituoni aliyepewa kazi ya kufuatilia afya ya msitu. Aliamua kuufuatilia kwa mti mmoja, ule tunaouita mwiritsa, mti mrefu wenye gome jeusi lenye uchungu. Akachagua miti kadhaa, akaamuru kila mwaka, mvua za masika zikiisha, ipimwe unene pale kifuani pa mtu mzima. Ili utepe wa kupimia upite mahali pale pale kila mwaka, kila mti ulizungushiwa pete ya rangi nyeupe. Vipimo vilipelekwa Nairobi, na Nairobi ikajua msitu wetu unaendeleaje.

Baba, aliyembebea Mzungu huyo utepe, anasema miti yote iliyochaguliwa ilikuwa kando ya njia moja, ile inayotoka kituoni na kupinda hadi mtoni, kwa sababu Mzungu alipenda kurudi mapema akanywe chai. Hakuwahi kuingia ndani zaidi. Msitu mkubwa namna ile, mtu anaingia asubuhi anaweza asitokee kabisa, ulikuwa ukijulikana Nairobi kwa miti ya njiani. Ni kama mtu apite barabarani Ekero aone miwa, aende kuandika kwamba watu wa huko wanaishi ndani ya miwa.

Uhuru ulipokuja, Mzungu aliondoka. Walibadilisha picha ukutani na jina kwenye kibao cha nje. Kiti hakikubadilishwa, wala mashine ya kupiga chapa, wala ripoti. Akaja Bwana Misitu wetu, Mwafrika, amesoma, suruali zenye mikunjo inayokata. Tulimpokea kwa nyimbo. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kwaya ya shule ya msingi, nikafungua mdomo bila kutoa sauti, kama kawaida yangu, lakini moyoni niliimba. Leo naona afadhali sikutoa sauti.

Yeye hata njiani hakuwa anaingia. Siku ya kwanza alipokwenda, siafu walimpanda ndani ya suruali, akatoka mbio akiruka kama ndama. Hakurudi tena. Tangu hapo baba alipima peke yake, akaja kumtajia vipimo dirishani, na yeye akapiga chapa.

Mambo yaliharibikia sokoni. Nilikuwa likizoni, nikaenda na mama siku ya Jumamosi kuuza mboga za murere mjini. Tulikaa karibu na mama mmoja muuza dawa, mwenye mizizi, majani makavu na magome yaliyopangwa juu ya gunia. Akaja mzee wa Kiislamu kutoka Ekero, kofia kichwani, fimbo kwapani.

"Asalaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu dawa."

"Mke wangu ana kifua. Usiku halali, na mimi silali. Nipe mwiritsa."

"Ndiyo hii."

Mzee akaligeuza lile gome, akalinusa, akalirudisha. "Hii haina langi."

"Aa, unataka ile ya langi?"

"Jirani yangu alinunua hapa, ilikuwa na langi. Ilimsaidia."

Mama wa dawa akatazama kushoto na kulia, kwa adabu tu, maana hakuna aliyekuwa akimwogopa. Akaingiza mkono chini ya gunia, akatoa kipande cha gome chenye mstari mweupe katikati. Niliutambua mstari huo. Ni mimi niliyemshikia baba kopo la rangi hiyo.

"Hii ndiyo ya selikali," akasema. "Bei yake si kama ya hiyo ingine. Hiyo ingine ni ya kienyeji tu, mimi napatianga ng'ombe."

Mama yangu alishindwa kujizuia. "Dada, kwani rangi inaponya kifua?"

"Cheka tu. Wazungu walikujanga hapo na kamba, wanapima hiyo miti tumbo. Mzungu anaweza kuacha chai yake akapime tumbo ya mti bure? Walikuwa wanachagua! Yenye dawa wakapaka langi, isiyo na dawa wakaacha. Na hawa wetu wa uhuru wamekuja, wamepaka ile ile. Sasa Mzungu na Mwafrika wakikubaliana kitu moja, wewe mwenye murere ni nani ubishe?"

"Wallahi, hilo ni neno," mzee akasema, akatoa pesa.

Nilikuwa najua ukweli wote, nimekaa pale na fungu la murere mapajani, na sikusema. Lakini niseme hapa: maelezo ya yule mama yalikuwa na akili kuliko ukweli. Serikali itoke mbali, ikapime tumbo la mti, ijue limeongezeka au halikuongezeka, kisha isifanye lolote? Nani mwenye akili timamu ataamini hivyo? Yule mama alikuwa akiiheshimu serikali kuliko inavyostahili. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Tulipomweleza baba jioni, hakushtuka. Aliendelea kumega obusuma, ugali wetu.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?" mama akamuuliza.

"Tangu mti wa kwanza ulipokauka."

Kumbe ilikuwa hivi. Wanawake wana ruhusa ya kuingia kuokota kuni siku maalum za wiki. Kisu kinaingia kimefichwa ndani ya kamba ya kuni. Wakifika kwenye mti wenye pete, wanachuna pale penye rangi kwanza, kuuzunguka mti mzima, maana rangi imeuzunguka mti mzima. Mti ukichunwa upande mmoja unapona. Ukichunwa kuzunguka, umekwisha. Miti isiyo na rangi, hatua chache tu kutoka hapo, ilikuwa imesimama salama na magome yake, hakuna aliyeitaka. Yaani serikali ilikuwa imeitia alama miti yake ili ijue inaishi, na alama ndiyo iliyoiua.

"Umemwambia Bwana Misitu?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Baba alimega tonge jingine. "Alisema nimletee vipimo, nisimletee hadithi."

Hakutudanganya. Wiki iliyofuata nilikuwa nafua kwenye bomba lililo nyuma ya ofisi, chini ya dirisha, nikawasikia wenyewe. Baba alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi, kama alivyosimama mbele ya Mzungu.

"Wa kwanza?" Bwana Misitu akauliza.

"Umekauka, bwana."

"Sikukuuliza umekauka au umelowa. Nimeuliza unene."

"Bwana, mti umekufa."

"Kwenye fomu hakuna mahali pa kufa. Kuna mahali pa unene. Mti ukifa, unapungua tumbo?"

"Haupungui, bwana."

"Basi unene upo. Mwaka jana ulikuwa kiasi gani, si ninacho hapa? Mti unakua, au haukui?"

"Ukiwa hai unakua, bwana."

"Ongeza kidogo." Mashine ikalia. "Wa pili?"

"Na huo pia umekauka."

"Mzee, wewe una mdomo wa msiba. Ongeza kidogo."

Wakaendelea hivyo mpaka mwisho. Nilikuwa nasugua shati la shule, nikajikuta nimelisugua mpaka kola imeanza kutoka nyuzi. Mwishoni baba akasema, kwa sauti ile ya kuomba radhi ambayo siipendi:

"Bwana, mimi naona tuache kupaka rangi. Tukipiga msumari mdogo tu, utepe utapita pale pale, na watu hawatauona."

"Tuache kupaka rangi?" Bwana Misitu alicheka kwa mshangao wa kweli. "Rangi inatoka Nairobi kila mwaka. Naisainia. Wakija wakaikuta stoo, nitawaambia nini, kwamba sifanyi kazi? Paka rangi, mzee."

Nilikaa pale nikilifikiria hilo. Kopo la rangi lilikuwa na mtu wa kulijibia. Miti haikuwa na mtu. Bwana Misitu angeweza kupoteza msitu wote na asiulizwe, ila akipoteza brashi moja ataandika barua tatu. Na baba alikwenda kupaka rangi. Aliipaka vizuri, pete zilizonyooka, kwenye miti iliyokufa. Huo ndio utumishi wake, na sijui kama nimhurumie au nimcheke, hata leo sijui.

Kisha ikaja barua. Ilisomwa kwa sauti uwanjani, wafanyakazi wote wamepangwa mstari, sisi watoto tukichungulia. Nairobi ilikuwa imefurahishwa. Miti ya mwiritsa ya Kakamega, barua ilisema, imeonyesha kunenepa kwa mfululizo kuliko miti ya misitu mingine yote, na afisa kutoka makao makuu angekuja mwenyewe kuiona na kujifunza siri ya kituo chetu. Bwana Misitu alisoma mpaka mwisho akitabasamu. Alipofika pale penye "atakuja mwenyewe" tabasamu lilibaki usoni, ila macho yalikuwa yameshaondoka.

Mchana huo huo alimwita baba. Hakukuwa tena na haja ya mimi kukaa bombani, maana alikuwa anapiga kelele.

"Tafuta mingine! Mizima! Njia ile ile. Ikwangue kidogo, ipake rangi, rangi ionekane ya zamani, paka tope."

"Itachunwa, bwana."

"Ilinde! Wewe ni askari wa nini, wa kuku?"

Baba akatafuta mingine, akaipaka. Akailinda. Siku za kuni alitembea nyuma ya wanawake kama mchungaji, wakamtania mpaka akaona haya. "Baba wa mtulivu," waliita, maana na mimi nina sifa zangu kijijini, "leo umekuja kutubebea mzigo?" Mwingine akasema, "Muache, anatafuta bibi wa pili, mwenye kuni." Baba aliendelea kuwafuata, na hakuna mti ulioguswa. Jumamosi usiku alilala kama gogo, akiwa na hakika mgeni angeikuta mizima siku ya Jumatatu.

Kosa lake lilikuwa Jumapili. Baba ni mzee wa kanisa. Alidhani siku ya Bwana hakuna atakayeshika kisu. Alivaa koti lake, tukaenda, akakaa mbele na wazee wenzake, akafumba macho wakati wa maombi. Mimi nilikuwa nyuma, sikufumba. Niliona kwamba upande wa akina mama kulikuwa na nafasi nyingi kuliko kawaida. Hata sauti ya pili ya kwaya ilikuwa imepungua. Nilimgusa mama, naye akatazama zile benchi, akavuta pumzi.

"Wamejua mgeni anakuja," akaninong'oneza. "Wanafikiri anakuja kuibeba miti aende nayo Nairobi."

Na kweli ndivyo walivyofikiri. Habari ilikuwa imefika hadi Matungu na Mayoni kwamba serikali imepaka miti mipya, yenye nguvu kuliko ya kwanza, na kwamba mkubwa anakuja na gari kuichukua yote. Mtu angekosa vipi kuwahi? Baba aliporudi kutoka kanisani hakuvua hata koti. Alikwenda njiani, na alipotokea tena alikaa kwenye jiwe la mlangoni akavua viatu, akavipanga pamoja, akaviangalia.

"Yote?" mama akauliza.

"Yote."

Mgeni alifika Jumatatu asubuhi katika gari la serikali. Nilitegemea mtu mzee. Alikuwa kijana mwenye tai na mkoba wa ngozi, viatu vya kung'aa. Walikwenda njiani, yeye, Bwana Misitu na baba. Hawakukaa sana. Kulikuwa na nini cha kukaa? Upande mmoja miti mikavu iliyopakwa rangi juu ya mbao tupu, upande mwingine miti mibichi iliyovuliwa nguo, ikitoa maji, na vipande vya gome vyenye rangi vimetupwa chini kwa haraka. Waliporudi mgeni alikuwa amekaza midomo, na viatu havikung'aa tena.

Mke wa Bwana Misitu hakuwapo, alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo niliitwa mimi kupika chai na kuipeleka ofisini. Baba aliachwa nje kwenye ngazi. Niliingia na birika nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaanza kumimina. Wao wakaanza kuongea Kiingereza. Waliongea kwa uhuru kabisa. Nadhani walinitazama wakaona msichana pekupeku mwenye leso, wakahesabu kwamba Kiingereza kwangu ni sauti tu, kama mvua. Niko sekondari, na Kiingereza ndilo somo ninalolishika kuliko yote, kwa kuwa mtihani wake ni wa kuandika.

"Ni nani anayewajibika na hii aibu?" mgeni aliuliza.

"Ni askari," Bwana Misitu akajibu, bila hata kumeza mate. "Yule aliyekuwa nasi. Anauza magome sokoni yeye na mke wake. Nimemshuku muda mrefu. Nilikuwa nimekusudia kumfuta mwisho wa mwezi huu."

"Mfute leo. Nitaandika kwamba mhusika amechukuliwa hatua."

"Vizuri kabisa. Nyumba pia nitaihitaji, kuna askari mwingine..."

Wakasogeza vikombe. Bwana Misitu akanionyesha sukari kwa kidole.

Sijui ilikuwaje. Nimejaribu kukumbuka kama niliamua, na sidhani niliamua. Mkono ulikuwa bado na birika. Niliongea Kiswahili, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na nilitaka aliye nje asikie.

"Baba hauzi."

Walinigeukia wote wawili. Bwana Misitu alitazama hata birika, kana kwamba ndilo lililosema.

"Baba alikwambia. Alikwambia miti imekauka, ukamwambia aongeze kidogo. Alikwambia muache rangi, ukamwambia apake. Nilikuwa kwenye bomba." Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ya kuchukiza, lakini haikusimama. "Bwana mgeni, muulize mti uliokauka ulinenepa namna gani."

"Watoto wa siku hizi," Bwana Misitu akasema akicheka. "Toka nje, wewe."

"Ngoja," mgeni akasema. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizopigwa chapa, akazisoma. Akatazama dirishani upande wa njia, akazisoma tena. Nikafikiri, huyu ndiye. Hatimaye amekuja mtu wa kusoma. Nilisimama pale, nikamwona akigeuza karatasi moja baada ya nyingine, na uso wake ukibadilika polepole, na nikadhani ni hasira.

Haikuwa hasira. Ilikuwa woga.

"Hizi," alimwambia Bwana Misitu kwa Kiingereza, sasa akinong'ona, "nimezisoma mimi mwenyewe mbele ya mkutano. Kulikuwa na wageni kutoka ng'ambo. Walipiga makofi."

Bwana Misitu hakuwa mjinga katika mambo kama haya, alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Miti hiyo ni ya zamani sana," akasema taratibu. "Ya tangu mkoloni."

"Ndiyo. Yawezekana imefikia umri wake."

"Imestaafu."

"Imestaafu," mgeni akarudia, na hapo akatoa kalamu. "Tuseme miti iliyokuwa ikifuatiliwa imemaliza kipindi chake, na mwaka ujao kituo kitachagua mingine."

"Na askari?"

Mgeni alinitazama. Nilikuwa bado nimesimama na birika langu kama mpumbavu. Hakunichukia, nadhani. Aliniona kama tope kwenye kiatu. "Ukimfuta askari, itabidi niandike sababu. Sasa niandike sababu gani? Mwache." Kisha kwa Kiswahili, kwa upole wa mtu mkubwa: "Binti, unasoma shule gani? Vizuri sana. Endelea na masomo."

Walimwita baba ndani. Bwana Misitu akamwambia kwamba mgeni ameridhika na kazi ya kituo, na yeye aendelee na zamu zake kama kawaida. Baba akasema asante. Akasema tena asante, akainama, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili. Nami nikauangalia ule mkono laini ukipokea shukrani, na nikawadharau wote watatu kwa pamoja. Waliomponza hawakulaumiwa, na aliyeponzwa akawashukuru. Ukweli wangu haukumwokoa mtu. Kilichomwokoa baba ni kwamba uongo wao ulikuwa umeshapanda juu mno, na kumfuta yeye kungeutikisa.

Tulitembea uwanjani kurudi nyumbani. Katikati ya uwanja baba akasimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, baba."

"Nilikuwa kwenye ngazi. Nimesikia yote uliyosema." Hakuwa akinitazama. "Watasema nina mdomo wa kuazima. Kwamba nina msichana anayenisemea."

"Wangekufuta."

"Najua wangenifuta. Unafikiri sijui?" Akatembea kidogo, akarudi. "Ulisema vizuri," akasema kwa ukali, kana kwamba ananikemea, kisha akatangulia.

Mama hakuwa amengojea habari. Tulimkuta chumba cha mbele amekwisha kufunga blanketi kwa kamba, godoro limekunjwa, sufuria zote zimo ndani ya gunia, kuku wamefungwa miguu wanalalamika pembeni. Mama anaijua serikali kuliko sisi sote, ingawa hakuwahi kuajiriwa nayo. Alitutazama mlangoni, mmoja baada ya mwingine.

"Saa ngapi?" akauliza. Alimaanisha saa ngapi tunatakiwa tuwe tumetoka.

"Tumebaki," baba akasema.

"Tumebaki vipi?"

"Miti imestaafu."

Mama alingoja aendelee. Alipoona haendelei, akanigeukia mimi, na kwa mara ya pili siku hiyo nikasema, nikamweleza yote, karatasi, mkutano, makofi, umri wa miti. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya blanketi lililofungwa. Nilipomaliza aliwafungua kuku, wakakimbia nje. Akaingiza mkono kwenye gunia akatoa sufuria moja, ile ndogo ya chai, na sufuria ya ugali, akaniwekea mikononi nikapike.

Nikainama nitoe na zingine.

"Hizo ziache humo gunini," akasema. "Kwani hao wameacha kuandika?"